Nilisinzia katikati ya Beethoven: je, sikio langu halifai kwa muziki wa klasiki?

Swali: "Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 47 na sikuwahi kusoma muziki. Binti yangu wa miaka 13 anajifunza piano, na miezi miwili iliyopita nilimkuta akipiga kipande cha Bach, kile cha C meja kinachofungua kitabu chake kikubwa. Nilikuwa napita tu na nguo za kufua mikononi, nikasimama mlangoni hadi mwisho, na mpaka leo sijui kilichonisimamisha, kwa maana kipande chenyewe hakina hata wimbo wa kuimbika. Tangu siku hiyo nimetamani kuujua muziki huu. Niliuliza ni upi ulio mkubwa kuliko wote, nikaambiwa ni Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Nimeijaribu mara tatu, usiku, kwa spika ya simu. Mara zote nimepotea baada ya dakika chache, na mara mbili nimelala. Nikahamia kwenye zile orodha za klasiki ya kutuliza akili, huko nako naona kila kipande kinafanana na mwenzake. Fidla zikipanda juu zinanikera, hasa sikio la kushoto ambalo siku hizi huvuma kidogo. Je, nimechelewa? Ni lazima nijifunze kusoma nota kwanza? Nianze na mtunzi gani? Na ni kweli kwamba muziki huu huongeza akili za watoto? Sitaki kuwa mtaalamu. Nataka tu binti yangu akinieleza habari za kipande anachopiga, nami niwe na la kujibu."

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali manne, na kuna la tano ambalo hukuliuliza, nalo ni hilo la sikio la kushoto. Nitalirudia, na ninakuomba usiache kusoma kabla ya kulifikia. Lakini kwanza nirudi mlangoni, pale uliposimama na nguo mikononi, kwa sababu naona umelipima vibaya jambo lililotokea pale. Unalihesabu tukio lile kuwa ni bahati tu, na kule kusinzia mbele ya Beethoven ndiko unakokuchukua kuwa kipimo halisi cha sikio lako. Mimi nimefundisha watu wazima kusikiliza kwa miaka mingi, na ninakuambia kwamba mtu asiyewahi kufundishwa muziki, akasimamishwa na kipande kisicho na wimbo, kipande ambacho kazi yake yote inafanywa na sauti zinazobadilishana chini kwa chini, amekwisha kusikia kile ambacho wanafunzi wangu wengi huchukua mwaka mzima kukisikia. Sikio unalo. Uliyemwuliza njia ndiye aliyekupeleka kusiko.

Tuitazame hiyo Simfonia ya Tisa, tungo kubwa la okestra lenye sehemu nne. Huchukua kati ya dakika 65 na 70 hivi. Ule wimbo unaojulikana na kila mtu, ule wa kwaya, umo katika sehemu ya nne, na kwaya yenyewe hukaa kimya zaidi ya dakika 40 kabla ya kufungua kinywa. Sehemu ya kwanza inaanza kwa mtetemo mdogo wa fidla ambao, kwa makusudi kabisa, haukuambii uko wapi. Ilipopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven alikuwa maarufu katika mji huo kwa miongo kadhaa, na simfonia zake nane zilikuwa zimekwisha kusikika. Wewe umeianza peke yako, usiku, baada ya kazi za siku nzima, tena kwa spika ya simu. Mimi mwenyewe, ambaye hii ndiyo riziki yangu, niliwahi kulala fofofo ukumbini katika sehemu ya polepole ya simfonia ndefu, na mwenyeji aliyeninunulia tikiti ameketi pembeni yangu. Nilizinduliwa na makofi, nami nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kulala si ushahidi wa chochote.

Sasa nieleze kinachotendeka kichwani, kwa sababu ukikielewa hutajilaumu tena. Picha hukungoja uitazame. Sauti haimngoji mtu. Unachokisikia sasa kina maana kwa sababu ya kile ulichokisikia dakika mbili zilizopita, endapo bado unakikumbuka. Wimbo wa kawaida wa dakika tatu au nne hukupunguzia kazi hiyo: una maneno, una mdundo usioyumba, una kiitikio kinachorudi vile vile mara tatu au nne. Mtunzi wa simfonia naye hurudia, tena hurudia kuliko watu wanavyodhani, ila sauti ile ile huirudisha ikiwa imevaa nguo nyingine. Imehamishiwa kwenye ala za chini, au imekatwa nusu, au iliyokuwa ya huzuni imekuwa ya furaha. Anayeitambua hufurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake sokoni. Asiyeitambua husikia kitu kipya kila mara, na akili inayopokea vitu vipya mfululizo kwa dakika 20, bila hata kimoja cha kushikilia, huchoka na kufunga milango. Hapo ndipo uliposinzia. Dawa yake haina mvuto wowote: sikiliza kitu kile kile tena, kisha tena. Kipande kimoja kilichosikilizwa mara kumi kitakupa zaidi ya vipande kumi vilivyosikilizwa mara moja moja, na kwa kuwa kumbukumbu hutangulia upendo katika jambo hili, usikihukumu kipande chochote kabla ya mara ya nne.

Jambo la pili linalofanya kazi ni matarajio. Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha unyamaze hapo hapo. Usimalizie. Ule wasiwasi unaousikia kifuani, ile hamu ya kuimalizia do, hukufundishwa na mtu. Umeupata kwa kusikia nyimbo tangu utotoni. Karibu muziki wote wa Ulaya kati ya mwaka 1600 na 1900 umejengwa juu ya hamu hiyo. Mtunzi anakuonyesha nyumbani, anakutoa, anakuzungusha, anakaribia kukurudisha kisha anaghairi, na ustadi wake unapimwa kwa jinsi anavyokuchelewesha bila kukuchosha.

Ndicho hasa kilichokusimamisha mlangoni. Kipande alichokuwa akipiga binti yako ni priludi (kipande kifupi cha kufungulia) ya kwanza katika mkusanyiko ambao Johann Sebastian Bach aliukamilisha mwaka 1722, wenye priludi na fuga (vipande ambamo sauti hufuatana zikiigana) katika kila ufunguo, yaani kwa kila sauti inayoweza kuwa do, meja na maina. Kina vipimo 35 tu (kipimo ni fungu dogo la mapigo, linalotengwa katika nota kwa mistari ya wima) na kinamalizika kwa dakika mbili hivi. Katika karibu kila kipimo mikono inatawanya sauti tano, moja baada ya nyingine kutoka chini kwenda juu, kisha inarudia vile vile. Kwa hiyo mdundo haubadiliki, umbo halibadiliki, na kinachobadilika ni rangi ya sauti zenyewe peke yake. Kuanzia kipimo cha 24 mkono wa kushoto unashika so ya chini na hauiachi kwa vipimo vinane mfululizo. Juu yake sauti nyingine zinahama, zinagongana nayo, zinatulia kidogo, zinagongana tena, na kwa karibu nusu dakika nzima msikilizaji yuko kwenye ile ti uliyoiimba sasa hivi bila kuimalizia. Kipimo cha 32, so inashuka kwenye do. Hata hapo Bach hakuachii, maana juu ya do hiyo ameweka sauti moja inayoichokoza, na utulivu kamili unakuja katika kipimo cha mwisho kabisa. Ungewezaje kuondoka na kikapu chako cha nguo? Mwili wako ulikuwa unangoja do.

Kwa hiyo, kusoma nota hakuhitajiki. Nota ni chombo cha mpigaji, kama ramani ya jengo ilivyo chombo cha fundi. Anayeishi ndani ya nyumba anaifurahia bila kuiona ramani. Ukitaka kujifunza baadaye, jifunze, lakini usiiweke mbele yako kama sharti. Umri nao si kikwazo. Miaka 47 ni mingi kwa mtu anayetaka kuwa mpiga fidla wa kulipwa. Kwa msikilizaji haina uzito wowote.

Lile la akili za watoto nalijibu kwa ufupi. Chimbuko lake ni utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1993 nchini Marekani, ambapo wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata (tungo la ala lenye sehemu kadhaa) ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi katika jaribio la kuwazia maumbo. Faida hiyo ilitoweka ndani ya robo saa hivi. Watoto hawakuwamo. Yaliyofuata yalikuwa biashara ya kuuza kanda kwa wazazi. Binti yako anapata faida nyingine kwa kupiga piano, ya subira na ya vidole, na hiyo inatosha.

Kuhusu zile orodha za kutuliza akili, nakuomba uachane nazo kwa muda. Sizichukii, na mtu anayetafuta usingizi anaweza kuzitumia. Ila zinachofanya ni kunyofoa sehemu za polepole kutoka katika tungo kubwa na kuzipanga pamoja, wakati nyingi zilitungwa zikae kati ya sehemu za kasi na zipate maana yake kutoka kwa majirani hao. Ni sawa na kusoma kurasa za katikati za vitabu 40. Umeona vipande vyote vinafanana kwa sababu aliyevipanga alivichagua kwa kufanana kwake.

Sasa, uanze na nani? Wako wanaoshauri kwenda kwa mfuatano wa karne, kuanzia nyimbo za watawa wa zama za kati hadi watunzi walio hai leo. Ni njia ya heshima, lakini wengi niliowaona wakiifuata waliishia njiani kabla hata ya kumfikia Bach. Wengine hushauri kuanza na orodha ya wakubwa, na hiyo umekwisha kuijaribu. Njia ninayoiamini ni ya kuanza na ala uliyokwisha kuipenda na kuifuata kutoka mtunzi hadi mtunzi, ukibaki na kitu kimoja kisichobadilika mikononi. Ala yako ni piano, na kilichokugusa ni sauti za chini zinazobadilika chini ya umbo tulivu. Hebu tulifuate hilo.

Baada ya priludi ya Bach, tafuta Priludi ya E maina ya Frédéric Chopin, namba 4 katika tungo lake la 28, iliyochapishwa mwaka 1839. Nayo ni ya dakika mbili. Mkono wa kulia unashikilia sauti moja, unaigusa ya jirani, unarudi, kana kwamba hauna la kusema. Mkono wa kushoto unashusha sauti zake nusu hatua kwa nusu hatua, na huzuni yote inatoka huko chini. Chopin alimheshimu Bach mno, na alipokwenda kisiwani Mallorca kuzikamilisha priludi zake alikichukua kitabu hicho hicho cha binti yako. Ukivisikiliza vipande hivi viwili kimoja baada ya kingine utaona undugu wao bila kuambiwa. Kisha nenda kwa Franz Schubert, impromptu (kipande kifupi cha piano) ya G flati meja, ya tatu katika tungo lake la 90, ya mwaka 1827: mtiririko wa sauti zilizotawanywa kama za Bach uko katikati ya kipande, na juu yake unapita wimbo mrefu usio na haraka. Schubert alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 31. Vipande hivi vitatu, ukichanganya na kile cha Bach, havifiki hata dakika 13, na ningekuwa wewe nisingesikiliza kitu kingine kwa wiki tatu.

Ukishavizoea, sikiliza Bach kwa wapigaji wawili tofauti. Hapa watu hushangaa sana. Mpiga piano Glenn Gould alirekodi mkusanyiko mwingine wa Bach, ule wa mageuzi uitwao Goldberg, mara mbili: mwaka 1955 alitumia dakika 38 hivi, na mwaka 1981 akatumia 51. Sehemu ya tofauti hiyo imetokana na marudio aliyoyaongeza, lakini nyingine ni mtu aliyebadilika. Nota ni zile zile. Siku utakapojikuta unapendelea mpigaji mmoja na kumbishia mwingine, ujue umekwisha kuingia ndani ya nyumba.

Kutoka piano kwenda okestra pana hatua kubwa, na daraja zuri ninalolijua ni Boléro ya Maurice Ravel, ya mwaka 1928. Wako wanaoidharau, na Ravel mwenyewe hakuionea fahari sana. Kwa mwanafunzi, hata hivyo, ni darasa kamili la ala: kwa robo saa hivi ngoma ndogo inapiga mdundo ule ule, na wimbo ule ule, wenye nusu mbili, unapita kwa filimbi, kisha klarineti, kisha fagoti (zumari kubwa ya sauti ya chini), na kuendelea, kila mmoja akipokea kwa mwenzake huku sauti ikizidi kupanda hadi mwisho. Kumbukumbu yako haina kazi hapo, kwa hiyo masikio yanabaki huru kujifunza nani ni nani.

Ndipo urudi kwa Beethoven, ila kwa mlango mwingine. Chukua sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano, dakika saba tu. Tuisikilize pamoja. Inafunguliwa na sauti nne, tatu fupi na moja ndefu. Karibu kila kitu unachokisikia baadaye kimetengenezwa kwa sauti hizo; fidla zinarushiana kama watu wanaokatizana maneno, na sentensi nzima inajengeka kwa tofali hilo moja. Baada ya sekunde 45 hivi mabaragumu yanaita kwa nguvu, kwa mdundo ule ule uliorefushwa kidogo, na mara fidla zinaingia na wimbo laini. Wengi husikia wimbo huo laini tu. Wewe shuka chini: selo na besi kubwa, kwa sauti ya kunong'ona, bado zinasema tatu fupi, moja ndefu. Hapo ndipo spika ya simu ilipokuponza, kwa maana haina uwezo wa kuzitoa sauti hizo za chini, na nusu ya kisa inapotea kabla haijakufikia. Vaa spika za masikioni zenye ubora wa wastani, mahali penye utulivu.

Ufunguzi wote unarudiwa na waongozaji wengi wa okestra, na Beethoven aliuandikia marudio hayo kwa ajili yako, ili ukumbuke. Katikati mambo yanavunjika. Tofali linamomonyoka hadi inabaki sauti moja moja, ala za kupuliza zikiuliza na za nyuzi zikijibu, polepole na chini zaidi, kama pumzi za mgonjwa, hadi okestra yote inalipuka. Mwanzo unarudi. Na hapo, wakati kila kitu kinakwenda kwa kasi, wote wananyamaza na zumari moja iitwayo oboe inapiga peke yake, taratibu, kwa sekunde chache tu, bila sababu ambayo mtu yeyote ameweza kunieleza ikaniridhisha. Nimeisikia mara nyingi nisizoweza kuzihesabu na bado nainama mbele nikiingojea. Baada yake tegea ule mwito wa baragumu. Katika nota za Beethoven, safari hii umepewa fagoti, kwa sababu mabaragumu ya wakati ule hayakuwa na vali (vifungo vya kubadilishia sauti) na hayakuweza kuupiga katika ufunguo mpya. Waongozaji wengi siku hizi huyarudishia mabaragumu, wengine huacha kama alivyoandika, na unaweza kujua unamsikiliza nani kwa hilo tu. Simfonia hii ilisikika mara ya kwanza tarehe 22 Desemba 1808 mjini Vienna, katika onyesho la saa nne hivi, ukumbi ukiwa na baridi kali na wapigaji wakiwa hawajafanya mazoezi ya kutosha. Waliohudhuria hawakuwa na bahati ya kubonyeza na kurudia. Wewe unayo.

Majina na namba zisikutishe. Op. ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya tungo, na mara nyingi hufuata mpangilio wa uchapishaji; K. ni namba za Mozart katika orodha ya Ludwig von Köchel ya mwaka 1862; BWV ni orodha ya Bach. Majina ya mapambo yachukue kwa tahadhari: sonata inayoitwa ya Mbalamwezi ilitungwa mwaka 1801, na Beethoven hakuliweka jina hilo; lilibandikwa na mhakiki baada ya yeye kufa. Vile vile orodha za wakubwa si neno la mwisho. Florence Price, Mmarekani mweusi, simfonia yake ya kwanza ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra mwaka 1933, kisha akasahauliwa kiasi kwamba rundo la nota zake liligunduliwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa. Na baadhi ya wakubwa hutawapenda, wala usijilazimishe. Mimi Bruckner, mtunzi wa simfonia ndefu, alinichukua miaka 20, na bado hatujazoeana vizuri.

Ukipata nafasi ya kuhudhuria onyesho, nenda, hata la wanafunzi. Kuziona fidla zikijiandaa kabla ya kuingia hufundisha zaidi ya maelezo yangu yote. Hofu ya kupiga makofi wakati usiofaa ni ya karne za karibuni tu. Mozart alimwandikia baba yake mwaka 1778 akifurahi kwamba watu wa Paris walipiga makofi katikati ya sehemu. Siku hizi ngoja tu mwongozaji ageuke.

Sasa lile sikio. Umeandika kwamba linavuma, na kwamba fidla zikipanda zinalikera, nawe umelitaja kana kwamba ni suala la ladha. Huenda siyo ladha. Chembe za sikio la ndani zinapoharibika, mara nyingi hutokea mambo mawili kwa pamoja yanayoonekana kupingana: sauti ndogo hazisikiki, na sauti kubwa au kali hugeuka kero kwa haraka kuliko kawaida. Muziki wa okestra, ambao hutoka kwenye mnong'ono hadi kwenye kishindo, huudhihirisha udhaifu huo mapema kuliko mazungumzo. Inawezekana pia kuwa ni nta tu iliyojaa, jambo dogo linaloondolewa kwa dakika chache. Kwa maandishi siwezi kutofautisha, wala sipaswi kujaribu. Uvumi wa sikio moja pekee ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo na kupimwa usikivu, na usichokonoe kwa vijiti vya pamba ukisubiri. Likitokea sikio kuziba au kupoteza usikivu ghafla, au kizunguzungu kikaambatana na uvumi huo, usingoje hata siku moja, kwa sababu matibabu ya hali hiyo hufaa zaidi yakianza mapema. Hadi utakapopimwa, sikiliza kwa sauti ya wastani, na ubaki na piano. Beethoven aliwaandikia ndugu zake barua mwaka 1802, ambayo hakuituma kamwe, akikiri kwamba aliona aibu kuwaambia watu waseme kwa sauti kwa kuwa yeye ni kiziwi. Alificha kwa miaka. Usimwige katika hilo.

La mwisho ni la binti yako, ambaye ndiye mwalimu wa karibu uliye naye. Mwombe apige ile priludi polepole, akibonyeza sauti za kila kipimo zote kwa pamoja badala ya kuzitawanya. Utausikia mfululizo ukiwa uchi. Mwombe asimame kwenye kipimo cha 31 na akatae kuendelea, kisha mtazamane mwone nani atashindwa kuvumilia. Kuhusu kukosa wimbo, mwambie kwamba Mfaransa Charles Gounod aliona hivyo hivyo, akatunga wimbo juu ya kipande hicho akauchapisha mwaka 1853, nao ndio ulioimbwa baadaye kwa maneno ya Ave Maria. Halafu mhesabu vipimo katika kitabu chake. Vikiwa 35, anacho cha Bach. Vikiwa 36, mwulize ni kipi si cha Bach: kuna kimoja kilichochomekwa baada ya kipimo cha 22 katika nakala ya mtu mwingine aitwaye Schwencke, kikasambaa katika matoleo mengi ya zamani, na Gounod naye akatunga wimbo wake juu ya kosa hilo.